Sam King: Askari wa Anga Aliyefikia Umeya wa Southwark

Mwezi Juni mwaka 1948, meli ya Empire Windrush ikiwa bado baharini kuelekea Uingereza, minong'ono ilienea miongoni mwa abiria: manowari iitwayo Sheffield iko karibu, na fujo ikizuka watarudishwa walikotoka. Sam King, Mjamaika wa miaka 22, hakupaza sauti. Aliwatafuta wenzake wawili waliowahi kuendesha mitambo ya redio jeshini, akawataka wacheze dhumna karibu na chumba cha redio huku wakitega masikio, ili vijana wenzao wajue lililo kweli. Tarehe 22 Juni walishuka salama katika bandari ya Tilbury.

King alizaliwa mwaka 1926 huko Priestman's River, mashariki mwa Jamaika. Mwaka 1944 alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akawa fundi wa ndege. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha alirejeshwa kwao, ambako kazi zilikuwa adimu. Ili arudi Uingereza, jamaa zake waliuza ng'ombe watatu kupata nauli ya pauni 28 na shilingi 10. Alilitumikia tena jeshi hilo hadi mwaka 1953, kisha akafanya kazi Posta kwa miaka 34.

Sare ya jeshi, hata hivyo, haikumfungulia kila mlango. Wenye nyumba wengi mjini London walikataa wapangaji weusi. Mwaka 1950 King aliomba mkopo wa kununua nyumba mtaa wa Camberwell. Jibu aliloandikiwa lilimshauri arudi Jamaika. Aliichukua barua hiyo akamwonyesha mwenye nyumba. Mzee huyo, kwa kuchukizwa, akamkopesha mwenyewe.

Lakini si kila mhamiaji angempata mwenye nyumba wa namna hiyo. Wajamaika walitegemea utaratibu waliotoka nao kwao, uitwao pardner, ambao Waswahili wanaujua kwa jina la upatu: kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja hupokea zote kwa zamu. Kwa njia hiyo familia nyingi zilipata malipo ya kwanza ya nyumba.

Ghasia za kibaguzi zilipozuka Notting Hill mwaka 1958, King alikuwa tayari akisaidia kusambaza gazeti la West Indian Gazette, lililoanzishwa mwaka huo na Claudia Jones. Mwaka 1982 alichaguliwa kuwa diwani wa Southwark, na mwaka 1983 akawa meya wa kwanza mweusi wa eneo hilo. Wafuasi wa siasa za ubaguzi walimtishia maisha, hakuacha kiti.

Mwaka 1996, pamoja na Arthur Torrington, alianzisha Wakfu wa Windrush ili vijana wazaliwa wa Uingereza wajue wazee wao walifikaje na walijenga nini. Alifariki dunia mwezi Juni mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu waliofika Uingereza wakiwa watoto, katika miaka iliyofuata safari ile, walikuwa wamenyimwa kazi, matibabu, hata kufukuzwa nchini, kwa kukosa hati. Ndipo ilipoonekana kwamba kumbukumbu aliyoihangaikia mzee huyo haikuwa pambo la sherehe. Mgeni asiyeandika historia yake huweza kuulizwa, hata baada ya miaka 50, alikuja lini na kwa idhini ya nani.