Mistari ya Mkonge, Mistari ya Shairi

Msafiri atokaye Segera kwenda Korogwe hupokewa na mkonge, safu kwa safu, umenyooka hadi macho yachoke. Safu hizo zina tarehe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyonusurika ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, Pangani. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yaliifuata. Waliokuja kuukata mkonge kutoka mbali waliitwa manamba, maana kila mmoja alijulikana kwa namba kabla ya jina. Hivyo ndivyo usasa ulivyobisha hodi, kamba ya kupimia mkono mmoja, daftari mkono wa pili.

Uhuru haukuitupa kamba ile, bali uliipa nia njema. Kabuku, wilayani Handeni, yalianzishwa makazi mapya ya wakulima wa mkonge katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 vikaja vijiji vya ujamaa, na kuanzia Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji, na mwenye insafu hawezi kuibeza. Lakini mkulima aliyezoea kujenga karibu na shamba lake na makaburi ya wazee wake alioneshwa kiwanja kwenye safu.

Hapo ndipo historia ya ardhi inapokutana na historia ya ushairi. Mwaka 1974, nyumba za vijijini zikipangwa kwa mistari, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani. Washairi wa mapokeo waliona nyumba yao inabomolewa. Ajabu iliyoje! Usasa wa dola ulidai kipimo, usasa wa mshairi ukakikimbia, na wote wawili uliahidi ukombozi.

Kezilahabi mwenyewe hakutulia juu ya ahadi hiyo. Katika Gamba la Nyoka, riwaya ya 1979, aliwaleta vijana wasomi wawili katika zahama ya vijiji vipya, akawaita Mambosasa na Mamboleo. Majina yenyewe ni hukumu. Kufikia Mzingile, mwaka 1991, mstari ulionyooka umetoweka, na msomaji anaachwa atafute njia katika vichochoro.

Kwa hiyo anayeupima upya urithi wa usasa asiishie kuuliza kama kipimo ni chema au kiovu. Utenzi nao una kipimo, na pwani imeuimba kwa karne nyingi bila kujiona imefungwa. Tofauti ni nani aliyeishika kamba. Korogwe leo wakulima wadogo wanalima vitalu vyao ndani ya mashamba ya zamani. Safu ni zilezile, ila mwenye kitalu ana jina, na namba inayomhusu ni ile ya bei.