Anne Eisner, mchoraji wa Epulu

Ukitoka Bukavu kwenda Epulu kwa barabara, unapita Goma, Butembo na Beni, kisha Komanda na Mambasa, hadi msitu wa Ituri unakufunika pande zote. Siku hizi Epulu inajulikana kwa okapi wake. Wachache wanakumbuka kwamba enzi za Wabelgiji, kando ya mto Epulu, aliishi Mmarekani aliyetuachia baadhi ya picha nzuri kuliko zote zilizowahi kuchorwa juu ya maisha ya Ituri.

Anne Eisner alizaliwa New Jersey mwaka 1911. Dada yake Dorothy naye alikuwa mchoraji, na kufikia miaka ya 1930 Anne mwenyewe alikuwa tayari na nafasi yake kati ya wasanii wa New York. Mwaka 1945 alikutana na Patrick Putnam, mwanaanthropolojia aliyesoma Harvard, aliyefika Kongo mwaka 1927 na baadaye kujenga kambi Epulu, yenye dispensari na nyumba ya wageni. Mwaka uliofuata wakasafiri pamoja kuja Kongo. Walioana mwaka 1948.

Maisha ya kambi hayakumpa nafasi kubwa ya kushika brashi. Wageni walihitaji chakula na kitanda, wagonjwa walikuja kila siku kutafuta dawa, na mumewe, aliyekuwa na maradhi ya mapafu, alizidi kudhoofika na kuwa mkali. Hata hivyo Anne alijifunza Kiswahili cha huko, akazoeana na Wambuti wa msituni na Wabila wenye mashamba, akawa mmoja wa akina mama waliolea watoto watatu wachanga wa Kimbuti waliofiwa na mama zao. Putnam alifariki Desemba 1953. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu cha Anne, Madami, alichokiandika pamoja na mwandishi wa habari Allan Keller. Kiliuzwa kama kisa cha mwanamke wa Kizungu katika pori la hatari, na kwa maoni yangu hapo hakikumtendea haki. Anayetaka kumjua Anne aangalie picha zake.

Kabla yake, msitu huu ulikuwa umeshachafuliwa jina. Mvumbuzi Stanley aliuvuka kuanzia mwaka 1887, na kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwafundisha Wazungu kuuona kama giza, njaa na mishale yenye sumu. Picha za Anne zina mwanga. Wanawake wamekaa pamoja mbele ya vibanda vya majani, watoto wako miguuni mwao, kazi inaendelea bila haraka. Alikaa na watu hao muda mrefu kiasi cha kujua namna kila mmoja anavyoketi. Hakuna anayetishwa na mti wala kutishwa na mgeni, na aliyezishika rangi hakuhitaji wawe vituko ili wapendeze.

Tena Epulu haikuwa na mchoraji mmoja tu. Wanawake wa Kimbuti walikuwa wakichora vizazi vingi kabla Anne hajazaliwa. Mwanamume hubandua gome la mti wa jamii ya mtini, akaligonga kwa nyundo hadi likawa laini kama kitambaa, kisha hulikabidhi kwa mwanamke. Yeye huchanganya maji ya tunda la gadenia na unga wa makaa, akachora kwa kijiti au kidole: mistari inayokimbia na kukatika ghafla, nukta, nyavu, na sehemu zilizoachwa tupu kwa makusudi. Sanaa hiyo huvaliwa kiunoni, na ikichakaa huchorwa nyingine. Anne aliijua thamani yake na akakusanya vitambaa hivyo kwa ajili ya jumba la makumbusho ya viumbe na tamaduni la New York. Nikiangalia kazi zake za baadaye, ambamo watu na majani vimeyeyuka na kuwa mabaka ya rangi, siwezi kuamini kwamba akina mama wale hawakumfundisha kitu.

Aliondoka mwaka 1954, akarudi Epulu mwaka 1957 na kukaa hadi 1958, wakati Colin Turnbull, mwandishi wa The Forest People, naye akifanya utafiti wake pale. Baada ya hapo aliendelea kuuchora msitu wa Ituri akiwa New York, kwa kumbukumbu, hadi alipofariki mwaka 1967.

Mbali na picha, aliacha daftari zenye ngano nyingi alizosimuliwa na watu wa Epulu. Karatasi zake ziko Harvard. Mwaka 2005 kilichapishwa kitabu kikubwa juu ya kazi zake, kikihaririwa na Christie McDonald. Wajukuu wa wasimulizi wale bado wanaishi kando ya barabara ya Mambasa hadi Nia-Nia, na ngano ni zao kabla ya kuwa za chuo chochote. Nakala za ngano hizo zifike Mambasa kwanza, kisha zije hapa Bukavu, kwenye chuo cha ualimu cha ISP, wanakoandaliwa walimu wetu wa historia.