Maji ya kisima: Jinsi ya kutambua uchafuzi na kuyatibu nyumbani

Kisima kilichochimbwa uani huiondolea familia adha ya kupanga foleni kwenye vioski na gharama ya kununua maji kutoka kwa wachuuzi. Hata hivyo, kisima hicho hicho huweza kuwa chanzo cha kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, maradhi ambayo huwadhuru zaidi watoto wadogo.

Wengi huyapima maji kwa jicho na ulimi. Yakiwa maangavu, baridi na yasiyo na harufu, huyahesabu kuwa safi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu viini vya magonjwa havionekani wala havina ladha.

Mnamo 1854, kipindupindu kilipowaua mamia ya watu katika eneo la Soho, London, daktari John Snow alibaini kuwa wengi wao walikuwa wakiteka maji kwenye kisima cha pampu kilichokuwa Broad Street. Mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na mtaa huo, alikuwa akiletewa maji ya kisima hicho kwa sababu aliipenda ladha yake. Naye alifariki. Baadaye ilibainika kuwa shimo la majitaka la nyumba jirani lilikuwa likivuja kuelekea kisimani.

Nchini Kenya mazingira kama hayo si haba. Katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda jijini Kisumu, visima vifupi na vyoo vya shimo hupatikana karibu karibu. Mombasa nayo ina visima vingi vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wenye matundu, ambamo majitaka hupenya upesi bila kuchujwa vilivyo.

Dalili za kutiliwa shaka

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni mazingira ya kisima. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wengi ni kuwa choo cha shimo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Aidha, sakafu ya shimo inapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu ya kimo cha maji ya ardhini. Katika ploti finyu za mijini umbali huo ni nadra kupatikana. Mwenye kisima cha aina hiyo achukulie kuwa maji yake yana viini mpaka vipimo vitakapoonyesha kinyume.

Kisima kisicho na kifuniko, chenye ukuta uliopasuka au kinachozungukwa na madimbwi huingiza uchafu kila mvua inaponyesha. Maji yakibadilika rangi saa chache baada ya mvua, hiyo ni ishara kuwa maji ya juu ya ardhi yanaingia moja kwa moja. Vilevile, watu kadhaa wa boma moja wakiharisha kwa wakati mmoja, kisima kishukiwe.

Dalili nyingine huelekeza kwenye aina ya uchafu. Madoa ya rangi ya kutu kwenye nguo na sufuria huonyesha madini ya chuma. Harufu ya mayai yaliyooza hutokana na gesi ya salfa. Harufu ya petroli au dawa za shambani ni onyo la kuacha kabisa kuyatumia maji hayo. Nayo meno ya watoto yakitokea na mabaka ya kahawia, huenda maji yana floraidi kupita kiasi.

Kupima maji

Uhakika hupatikana katika maabara pekee. Afisa wa afya ya umma wa eneo anaweza kumwelekeza mwenye kisima mahali pa kupeleka sampuli. Maji huwekwa katika chupa iliyotakaswa na maabara, huhifadhiwa mahali penye baridi na kufikishwa siku hiyo hiyo.

Kipimo cha msingi ni cha bakteria aina ya E. coli, ambao huishi matumboni mwa binadamu na wanyama. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), maji ya kunywa hayapaswi kuwa na hata mmoja katika mililita 100. Shirika hilo pia limeweka viwango vya juu vya miligramu 1.5 za floraidi na miligramu 50 za naitreti kwa kila lita.

Kuua viini

Maji yenye tope yatulizwe kwanza, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Tope hukinga viini dhidi ya dawa na miale ya jua.

Kuchemsha ndiyo njia ya hakika zaidi. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaachwe yaendelee kutokota kwa dakika moja. Katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama vile Limuru na Nyahururu, maji hutokota kabla ya kufikia joto la nyuzi 100, hivyo dakika tatu zinahitajika.

Njia ya pili ni dawa ya klorini inayouzwa madukani mahususi kwa maji ya kunywa. Kiasi kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti kifuatwe, na maji yakorogwe kisha yasubiri dakika 30 kabla ya kunywewa. Klorini huua bakteria na virusi vingi, lakini baadhi ya vimelea, kama vile Cryptosporidium, huistahimili. Kuchemsha huviua.

Asiye na kuni wala dawa anaweza kutumia jua. Maji maangavu hutiwa katika chupa za plastiki zinazopenyeza mwanga, zisizozidi lita mbili, na kulazwa juani kwa saa sita. Siku za mawingu mengi, ziachwe kwa siku mbili mfululizo.

Yasiyotibiwa kwa kuchemsha

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kuwa moto huondoa kila uchafu. Chumvi, floraidi na naitreti hazitoki kwa kuchemsha. Badala yake, huongezeka nguvu kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke.

Naitreti, ambayo hutokana na vyoo, samadi na mbolea, ni hatari zaidi kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, kwani huizuia damu kubeba oksijeni. Mtoto kama huyo atafutiwe maji kutoka chanzo kingine.

Floraidi hupatikana kwa wingi katika maeneo ya Bonde la Ufa, yakiwemo Nakuru na Naivasha, kutokana na miamba ya volkano. Huko, vichujio vya mkaa wa mifupa vilivyosambazwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru vimesaidia kuipunguza. Maji ya mvua ni suluhisho jingine, mradi paa na tangi viwe safi.

Kusafisha kisima chenyewe

Kutibu maji jikoni hakutoshi ikiwa kisima kimeingiwa na mafuriko. Kwanza, nyufa zizibwe, mdomo uinuliwe na kisakafu chenye mfereji wa kutolea maji kijengwe. Maji ya zamani yatolewe na kuta zisuguliwe. Mtu asishuke kisimani peke yake, kwani hewa ya chini huweza kukosa oksijeni. Pampu ya petroli isiteremshwe ndani kamwe, maana moshi wake huua.

Kisima kikijaa tena, hutiwa klorini ya angalau miligramu 50 kwa kila lita. Kwa mfano, kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 2 huwa na takriban lita 1,570. Hicho huhitaji gramu 120 hivi za chembechembe za klorini zenye nguvu ya asilimia 65, au lita 2.2 za dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ya asilimia 3.5 na isiyotiwa manukato. Dawa hiyo isichanganywe na sabuni au asidi yoyote.

Maji hukorogwe kwa ndoo, yakaachwa kwa saa 12, kisha hutolewa na kumwagwa mbali na mimea na mabwawa ya samaki mpaka harufu ya klorini ipungue. Vipimo virudiwe baada ya wiki moja au mbili. Viini vikirejea, chanzo kingalipo, nacho mara nyingi ni choo. Hapo klorini pekee haitafaa; itabidi choo kihamishwe, au kisima kiachiwe kazi za kufua na kupiga deki.

Hatimaye, maji yaliyotibiwa huchafuka tena yakichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono isiyonawa. Yahifadhiwe katika mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko, au chungu chenye bomba, na chombo hicho kisafishwe kila kinapokwisha maji.