Chapa ya Karanga

Juu kabisa ya blogu ya mjomba wangu kuna karanga. Ni mchoro wa ganda moja lenye kiuno chembamba, rangi ya kahawia, limekaa kushoto kwa jina la blogu kama muhuri wa shule. Pembeni yake kuna bendera ya Taifa inayopepea bila upepo, kihesabu wageni, na saa inayoonyesha muda wa London. Chini ya hapo maandishi yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto yakimkaribisha mgeni Kongwa. Nyuma ya vyote hivyo ni njano ya kuumiza macho.

Mwaka jana mjomba, mwalimu mstaafu, aliniomba nimhamishie blogu hiyo kwenye tovuti yenye anwani yake mwenyewe. Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Dodoma, na nauli yangu naipata kwa kuwatengenezea watu tovuti ndogo: fundi aluminiamu, mwenye nyumba ya wageni, mchungaji mmoja wa Nkuhungu. Niliiona kuwa kazi ya wikendi moja. Ningeondoa saa, bendera na maandishi yanayotembea, ningeweka mandhari meupe na nembo mpya, halafu ningekwenda kunywa chai. Ilichukua miezi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo tulibishana kuhusu karanga.

Nilianza, kama mwanafunzi wa historia, kwa kutafuta waliotangulia. Blogu inayotajwa kuwa ya kwanza kwa Kiswahili ni Jikomboe, aliyoianzisha Ndesanjo Macha mwaka 2004 akiwa Marekani. Septemba 2005, kwenye mkutano uliofanyika Helsinki, Macha alimsaidia Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, kufungua ya kwake. Blogu hizo mbili zilianza na majina ya aina mbili tofauti. Jikomboe ni amri. Inamwambia msomaji afanye kitu. Michuzi ni jina la mtu. Linamwambia msomaji anaongea na nani.

Waliofuata wengi walichagua njia ya pili: Maggid Mjengwa, Haki Ngowi, baadaye Millard Ayo. Zamani nilidhani ni majivuno. Sasa nadhani ilikuwa hesabu nzuri. Gazetini jina la mpigapicha huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, pengine lisiandikwe kabisa. Kwenye blogu jina hilohilo lilipanda juu ya ukurasa. Na msomaji aliye Muscat au Minnesota, anayetaka kujua kama kweli fulani amefariki, haulizi kwanza habari imeandikwaje. Anauliza nani kasema.

Jambo hilo lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliweka kwenye kanga zake herufi za jina lake na maneno "Mali ya Abdulla". Mnunuzi wa kanga alikuwa na mapambo na misemo ya kuchagua, lakini alama ile ndogo ndiyo iliyomwambia kwamba nguo haitachuja. Jamii Forums ilikwenda njia nyingine. Ilianza 2006 kama Jambo Forums, ikabadili jina 2008, na ikajengwa juu ya watumiaji wanaojificha nyuma ya majina ya bandia. Pale jina la jukwaa lilibeba imani ambayo majina ya watu hayangeweza kubeba.

Mjomba alichanganya njia zote mbili: aliunganisha Kongwa na jina la utani ambalo wanafunzi wake walimpa kwa sababu ya mwendo wake. Alifungua blogu mwaka 2009, mwaka ambao mkonga wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam. Mkonga ulifika Dar. Kongwa walifikiwa na Nokia. Kila Jumamosi mjomba alipanda Coaster, karibu kilomita 90, akaja Dodoma mjini na kadi ya kamera mfukoni, akalipia saa mbili kwenye mgahawa wa intaneti na kupandisha picha sita au saba.

Templeti aliyochagua ilikuwa Minima, moja ya zile zilizotolewa bure na Blogger mwaka 2004. Aliyeichora, Douglas Bowman, alifanya ukurasa mweupe, mistari myembamba, nafasi nyingi. Ni kazi nzuri, ya mtu anayejivunia alichokiacha nje. Mjomba aliichukua na kuijaza hadi ikasahaulika.

"Kwa nini, mjomba?" nilimuuliza.

"Wewe ukipita sokoni Majengo ukaona ukuta mtupu unafikiri nini?"

"Kwamba ni ukuta."

"Unafikiri duka limefungwa."

Baada ya hapo nilianza kuuliza kuhusu kila kitu kabla ya kukifuta, na kuandika majibu kwenye daftari kama nilivyofundishwa kufanya na wazee wa vijijini. Kihesabu wageni kilikuwa cha wenye maduka: mjomba alikuwa akiwaonyesha namba ile kabla ya kuwaomba elfu ishirini ya tangazo. Picha zote zilikuwa ndogo, nyingine hazifiki kilobaiti 30, nami nikadhani ni kamera mbovu. Sivyo. Alizipunguza mwenyewe, moja moja, kwa sababu msomaji wake alikuwa amekaa chini ya mwembe na bando la shilingi mia tano. Njano ilichaguliwa kwenye mwanga wa jua, kwenye kioo cha simu ndogo, mahali ambapo kijivu changu cha kistaarabu kisingeonekana kabisa.

Saa ya London niliichukulia kuwa kosa la mipangilio.

"Mama yako mdogo yupo Leicester," akasema. "Nisipoiangalia hiyo saa nitampigia akiwa amelala."

Ikabaki karanga.

Kwa anayesoma historia ya nchi hii, karanga ya Kongwa haihitaji maelezo, lakini nitaeleza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianzisha mradi wa kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Mpango mzima ulizungumzia zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawashinda nguvu. Mvua ya Kongwa, ambayo kila Mgogo angewaambia kwamba haiaminiki, haikuaminika. Na udongo wake ukikauka huwa kama saruji, karanga hazing'oki. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda. Mpaka leo Waingereza wakitaka kuisema serikali yao kwa ubadhirifu, hutaja karanga.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba, kwa upole niliouona unatosha, kwamba nembo yake ni aibu ya watu wengine. Mtu hawezi kuiweka mlangoni kwake fedheha ya mkoloni. Nikamletea michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa zabibu.

"Zabibu ni za Hombolo na Mpunguzi. Sisi hatuna."

Wa pili ulikuwa mbuyu.

"Mbuyu umeshachukuliwa na kila mwenye nyumba ya wageni kuanzia hapa mpaka Iringa."

Nikamkumbusha kwamba Kongwa ina historia ya kujivunia. Kuanzia 1964 kulikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Samora Machel alikuwa pale. Kwa nini nembo isitoke huko?

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo wauzaji wa ushauri wa mitandao wanalipisha fedha nyingi kulieleza. Mwaka 2009, alisema, ukiandika neno Kongwa kwenye mtandao ulikuwa unaletewa karanga za Waingereza. Ukurasa wa kwanza karanga, wa pili karanga. Watu wa Kongwa hawakuwemo, isipokuwa kama vibarua waliosimama nyuma ya trekta kwenye picha, hawana majina.

"Nikasema, kama mgeni anakuja kutafuta karanga, basi nimuwekee karanga mlangoni. Akiingia ndani atakuta watu."

Niliingia kwenye takwimu za blogu kuhakiki, maana ndivyo nilivyofunzwa. Makala iliyosomwa kuliko zote kwa miaka yote ni ile aliyoandika kuhusu mradi wa karanga, akiwa amemhoji mzee mmoja aliyefanya kibarua pale akiwa kijana. Zinazofuata ni tanzia, moja baada ya nyingine: mwalimu fulani, mama fulani, muuza mahindi wa Kibaigwa. Ulikuwa mlango alioujenga kwa makusudi, na kwa miaka tisa ulikuwa umefanya kazi yake.

"Halafu," akaongeza, "walioshindwa ni wao. Sisi karanga tunalima."

Nilirudi kwenye michoro yangu, nikachora upya karanga.

Sitaki kumfanya mjomba kuwa mtu asiyekosea. Kuna uamuzi mmoja aliokosea, naye ndiye aliyenionyesha. Miaka ile blogu zilikuwa zikichukuliana picha bila kutajana, na kila mwenye blogu alijilinda kwa kugonga jina lake juu ya picha. Mjomba aligonga la kwake katikati, kwa herufi nyekundu, pana kutoka bega hadi bega. Tunaita chapa, neno lilelile tunalotumia kwa alama ya moto kwenye ng'ombe, na Ugogoni hakuna anayehitaji kuelezwa alama ile ni ya nini. Ng'ombe akipotea, chapa humrudisha nyumbani.

Lakini picha si ng'ombe. Kompyuta ya mgahawa haikuwa yake, kadi ya kamera aliifuta kila Jumamosi ili itumike tena, na picha zisizo na chapa hakuzihifadhi popote. Mwaka 2018 ulipofika, kanuni za maudhui mtandaoni zilitaka leseni: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja kila mwaka. Tarehe 10 Juni mwaka huo Jamii Forums yenyewe ilizima mitambo kwa muda. Mjomba, ambaye pensheni yake tunaijua sote, aliacha kuandika. Baadaye ada zilipunguzwa, na ndiyo maana sasa yeye na vijana watatu wa pale wamejichanga kuanza upya kwa utaratibu. Katika ile miaka ya ukimya ndipo mama mmoja wa Kongwa alipofariki, na binti zake wakaja kwa mjomba kuomba picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kamera yake ndiyo pekee iliyowahi kumpiga marehemu akicheka. Picha ilikuwepo kwenye blogu, ndogo, na jina la mjomba likiwa limepita kwenye kidevu na shingo.

Waliichapisha hivyohivyo. Msibani, ananiambia, watu walipita mbele ya jeneza wakisoma jina lake.

Tovuti mpya imekamilika. Karanga ipo, mistari mitatu tu, inasomeka hata ikiwa ndogo kama punje kwenye kona ya kioo. Njano nimeipunguza ikawa rangi ya majani makavu ya Agosti, tukaijaribu mimi na yeye tukiwa tumesimama juani, simu mkononi, saa saba mchana. Bendera na maandishi yanayotembea vimeondoka. Alivitetea kwa siku mbili kisha akavisamehe. Jina la utani limebaki kwenye anwani. Picha mpya hugongwa chapa ndogo, chini kulia, na zisizo na chapa zinahifadhiwa mahali pawili, moja kati ya hapo ni kwangu. Saa ya Leicester iko pale pale.

Picha ya yule mama nilitaka kuitengeneza. Siku hizi zipo programu za kufuta maandishi juu ya picha na kujaza palipokuwa pamefunikwa. Nilijaribu mara nne. Kila mara programu ilifuta jina vizuri, halafu ikamtungia mama yule kidevu: mara chembamba, mara cha mviringo, mara chenye kishimo. Vyote vilikuwa videvu vizuri. Nilimpelekea mjomba cha nne, nilichodhani ndicho chenyewe.

Aliiangalia picha kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Huyu simjui," akasema. "Rudisha ile yenye jina langu."

Nimeirudisha.