Mageuzi ya Elimu ya Massachusetts Yalianzia kwenye Bajeti

Wanaotetea shule za mkataba nchini Marekani, yaani shule zinazolipiwa na serikali lakini zinazoendeshwa na bodi zao zenyewe, hupenda kutolea mfano jimbo la Massachusetts. Watetezi wa shule za ufundi nao hukimbilia jimbo hilohilo. Wote wana hoja: shule za mkataba za Boston zimo miongoni mwa shule bora za aina yake nchini humo, na shule nyingi za ufundi hupata waombaji wengi kuliko nafasi zilizopo. Lakini historia inaonyesha kwamba aina zote mbili zilistawi kwa sababu ya jambo lisilosifiwa sana majukwaani. Jimbo liliamua kwanza kubeba gharama za shule za miji maskini, kisha likadai matokeo kutoka kwa kila shule. Uhuru wa shule ulikuja ndani ya mapatano hayo, na ndiyo maana ulizaa matunda.

Mji wa Brockton unaieleza vizuri historia hiyo. Mwaka 1905 gavana wa jimbo alikuwa William Douglas, tajiri wa viatu aliyejenga biashara yake mjini humo. Aliteua tume kuchunguza elimu ya ufundi, na mwaka uliofuata Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzisaidia shule za ufundi za umma, zaidi ya miaka 10 kabla serikali ya shirikisho haijatunga sheria yake ya mwaka 1917. Baadaye viwanda vya viatu vikafifia. Shule za Marekani hutegemea sana kodi ya majengo inayokusanywa na mji wenyewe, kwa hiyo mji uliopoteza viwanda ulipoteza pia uwezo wa kusomesha watoto wake. Wanafunzi wa Brockton na wa miji mingine ya namna hiyo wakalishtaki jimbo katika kesi iliyoanza mwaka 1978. Mahakama ilielezwa habari za madarasa yaliyofurika, maktaba zilizotelekezwa na walimu wazuri wasiopatikana. Tarehe 15 Juni 1993 Mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba katiba inalibana jimbo lenyewe kumpa elimu ya kutosha kila mtoto, awe tajiri au maskini. Siku tatu baadaye Gavana William Weld akatia saini Sheria ya Mageuzi ya Elimu.

Sheria hiyo ilifunga mambo matatu pamoja. Kwanza, jimbo lilikokotoa kiwango cha chini ambacho kila wilaya inahitaji kwa mwaka, likaongeza fungu kwa watoto wa familia maskini, na likajipa miaka saba kuziba pengo pale mji usipojiweza. Pili, liliweka viwango vya masomo na mtihani wa jimbo zima, MCAS, ulioanza mwaka 1998 na kuwa sharti la kuhitimu sekondari kuanzia mwaka 2003. Tatu, liliruhusu shule za mkataba, ambazo za kwanza zilifunguliwa mwaka 1995. Mkataba hutolewa na jimbo kwa miaka mitano, na shule isipotimiza ilichoahidi hunyang'anywa.

Shule za ufundi hazikusamehewa mtihani huo, na wengi walihofia kwamba zingeumbuka. Zilijibu kwa kuimarisha masomo bila kufunga karakana. Mpaka leo wanafunzi wengi wa shule hizo hukaa darasani wiki moja, wiki inayofuata wakashinda karakanani. Mwaka wa kwanza huonja fani kadhaa kabla ya kuchagua moja. Katika shule ya ufundi ya Worcester kuna kliniki ya mifugo ambako familia zenye kipato kidogo hupeleka mbwa na paka wao kutibiwa kwa bei nafuu, na wanafunzi wa sekondari hujifunza kazi hapo pamoja na wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Tufts. Wapo wanaosema ufundi ni njia ya kuwatupa watoto wa maskini pembeni. Hofu hiyo ina msingi katika historia ya Marekani, lakini dawa yake imo humu: anayesomea umeme afanye hisabati ileile anayofanya anayejiandaa kwa chuo kikuu.

Pingamizi kubwa ni kwamba shule za mkataba huchagua wanafunzi na kunyonya fedha za shule nyingine. Kuhusu kuchagua, sheria inataka bahati nasibu pale waombaji wanapozidi nafasi, na watafiti waliolinganisha walioshinda na walioshindwa bahati nasibu za Boston walikuta walioshinda wamepiga hatua kubwa zaidi. Kuhusu fedha, malalamiko ni ya kweli: mwanafunzi akihama, fedha humfuata, lakini paa na mishahara ya shule aliyoiacha hubaki palepale. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapigakura walikataa kuongeza idadi ya shule hizo. Lakini hatari kubwa zaidi ni uhuru usiokaguliwa: mali bila daftari hupotea bila habari, na jimbo la Ohio lilijionea. Shule moja ya mkataba ya mtandaoni, ECOT, ilidai malipo ya wanafunzi zaidi ya 15,000, lakini ukaguzi wa mwaka wa masomo 2015/2016 ukathibitisha takriban 6,300 tu. Ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka, na maelfu ya watoto wakabaki wakitafuta shule.

Wengine watasema Massachusetts ni jimbo tajiri, hivyo haliwezi kuwa mfano. Lilikuwa tajiri hata kabla ya mwaka 1993, na bado madarasa ya Brockton yalikuwa vile yalivyokuwa. Utajiri ulianza kuwafikia watoto hao sheria ilipolazimisha. Wala kazi haijaisha: tofauti za matokeo kati ya watoto weupe na wenzao weusi na Walatino bado ni kubwa, na mwaka 2019 jimbo lililazimika kutunga sheria nyingine ya kuongeza fedha. Mwaka 2024 wapigakura waliuondoa mtihani wa MCAS katika masharti ya kuhitimu. Walikuwa na haki ya kuuona mzito, lakini jimbo linawiwa kipimo kingine kitakachombana kila mkuu wa shule. Jimbo au nchi inayotaka kuiga Massachusetts isianze kwa kugawa mikataba wala kununua mashine za karakana. Ianze kwa kukokotoa gharama ya kumsomesha vizuri mtoto wa mji maskini kuliko yote, kisha ilipe.