Kondoo wa Njoro na Siri ya Majani

Mkulima aonapo majani mabichi hudhani kondoo wake wana kila wanachohitaji. Historia ya Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, yatuonya kwamba kushiba si kustawi.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa na serikali ya kikoloni eka 100,000 mahali hapo, akaagiza kondoo majike wa merino kutoka New Zealand. Majani yalikuwa tele, lakini wanyama walikonda, na wengi wakafa. Wamasai, waliochunga katika nchi hiyo tangu zamani, walijua kwamba mifugo haistawi hapo. Elimu yao haikuulizwa.

Sababu ilibainika baadaye. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walitangaza kwamba kondoo hudhoofika wakikosa madini ya kobalti, ambayo vijidudu vya tumboni mwao huyatumia kutengeneza vitamini B12. Udhaifu wa mifugo ya sehemu za Nakuru ukatambulikana kuwa ni huo huo. Dawa yake ni nyepesi: chumvi ya kulamba iliyotiwa kobalti.

Mwenye eka laki moja aliweza kupoteza kundi, kisha akajaribu ng'ombe, na baadaye ngano. Mwenye shamba dogo la jamaa, lenye kondoo sita, hana nafasi hiyo. Kwa hiyo, ndugu wanachama, yatupasa tuwaulize wazee waliochunga kabla yetu, udongo wetu tuupime, na chumvi tuinunue kwa pamoja kwa njia ya chama.