Bima ya Lazima na Bei Yake

Ukitoka Kilosa ukafika Mikumi mjini, kisha ukashika barabara kuu ya kwenda Morogoro, utapita katikati ya Hifadhi ya Taifa kwa kilomita zipatazo 50. Mwenye bima ndogo akigonga nyati hapo, faini ya hifadhi ni yake na matengenezo ya gari ni yake. Bima hiyo huwalipa wengine aliowadhuru, si yeye. Hata hivyo, sheria yamlazimu kuikata. Mimi naamini kwamba dola ikilazimisha kitu kununuliwa, haiwezi kuinyamazia bei yake.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Mlango ulikuwa mmoja. Uridhike usiridhike, hukuwa na pengine pa kwenda. Sheria ya mwaka 1996 ikaruhusu kampuni binafsi. Ushindani ukaja, mawakala wakaongezeka, na stika bandia nazo zikapata soko.

Sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa bima ndogo ya gari dogo la binafsi tumezoea kulipa shilingi 100,000, na kodi ya ongezeko la thamani ikiingia, 118,000. Hicho ni kiwango cha chini, kisudi kampuni zisishindane kushusha bei hadi zikose fedha za kuwalipa majeruhi. Kwa hiyo ni sakafu, na sakafu humlinda mdai. Mnunuzi huhitaji dari.

Siku hizi bima hukatwa kwa simu au kompyuta, na yeyote aweza kuingiza namba ya gari katika mfumo wa TIRA akajua kama bima i hai. Stika bandia imepata dawa. Lakini asiyeujua mtandao humwendea anayeujua, naye huongezewa elfu kadhaa bila stakabadhi. Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga.

Simnyimi kijana ujira wa jasho lake. Ila wakala hulipwa kamisheni na kampuni. Akimtoza na mteja, amekula pande mbili. Nyongeza yoyote na iandikwe kando ya ada na kodi, yenye kikomo kinachojulikana, ili mkulima wa Kilosa aisome kabla ya kufungua mkoba.